Unga wa Mgodini: Mipango ya Kilimo Kusini mwa Katanga

Historia ya Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, kwa kawaida huandikwa kama historia ya shaba. Husimuliwa habari za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, za viwanda vya Panda na Shituru, na za bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira. Swali la nani aliyewalisha wafanyakazi huguswa kwa uchache. Ilhali pasipo unga hapana shaba, na watawala walilitambua jambo hilo mapema kuliko wanahistoria.

Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na Kambove, jirani ya Likasi, mwaka 1913. Njia iliyobeba mitambo ndiyo iliyobeba pia mahindi ya walowezi wa kusini. Serikali ya Ubelgiji haikupendezwa kuona koloni lake likilishwa na Waingereza. Émile Leplae, aliyeongoza idara ya kilimo katika Wizara ya Makoloni tangu 1910, alikusudia kuwaleta wakulima wa Kibelgiji na kuwapa mashamba karibu na Elisabethville. Mpango ulibuniwa Brussels. Udongo hafifu wa Katanga na kiangazi chake kirefu havikuulizwa. Walowezi wengi hawakudumu.

Hapo mzigo ukahamishiwa kwa mwanakijiji. Sheria ya Februari 1917 iliwapa watawala uwezo wa kumlazimisha kulima mazao waliyoyachagua wao, hadi siku 60 kwa mwaka. Shurti hiyo haikutokana na uvivu wa mkulima, kama ilivyodaiwa, bali na bei. Kampuni iliwagawia wafanyakazi wake posho, nayo ilitaka unga wa bei nafuu. Mkulima aliyelipwa kidogo hakuona sababu ya kupanua shamba. Aidha, vijiji vilivyodaiwa mahindi ndivyo vilivyodaiwa vijana wa kwenda migodini. Jembe na sururu viligombea mikono ileile. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918 na Ilebo mwaka 1928, mahindi ya Kasai nayo yaliweza kuelekea kusini, na kula bukari kukawa alama ya maisha ya mjini.

Baada ya uhuru sura za wapangaji zilibadilika, hesabu haikubadilika. Hatua za Novemba 30, 1973 ziliwanyang'anya wageni mashamba na biashara na kuyakabidhi kwa Wazaire waliokuwa karibu na utawala. Wengi wao hawakuwa wakulima. Mahindi ya Zambia yaliendelea kuhitajika.

Mpango unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ule wa Nord-Shaba, ulioendeshwa na serikali ya Zaire kwa fedha za Marekani katika wilaya za Kongolo na Nyunzu, kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi 1986. Lengo lake lilitamkwa waziwazi: kuwalisha watu wa miji ya migodi kwa mahindi ya kaskazini ya jimbo lenyewe. Wataalamu walileta mbegu bora, vikundi vya wakulima na mafunzo ya zana. Hata hivyo, kilichowavuta wakulima hasa ni barabara. Zilipokarabatiwa, na serikali ilipolegeza bei za mazao mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafanyabiashara walifika vijijini na mahindi yaliyouzwa yaliongezeka. Mkulima aliyesingiziwa uzembe kwa miaka 60 alilima alipopata mnunuzi. Fedha za nje zilipokoma, barabara zilirudi porini, na mnunuzi akapotea pamoja nazo.

Gécamines iliporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Huko Likasi familia nyingi zilishika jembe pembezoni mwa mji, bila mpango wa mtu yeyote. Serikali ya jimbo, chini ya Moïse Katumbi aliyeshika ugavana mwaka 2007, iliielekea tena migodi: kila kampuni ilitakiwa kulima hekta 500. Baadhi zililima, nyingine zilitii shingo upande, maana mchimbaji hapati faida yake katika mahindi. Tofauti na amri ya 1917, safari hii aliyeshurutishwa alikuwa tajiri. Lakini mkulima mdogo hakusogezewa soko.

Mwaka 2016 Zambia ilipozuia mahindi yake kuvuka mpaka, bei ya unga ilipanda katika miji ya Katanga, zaidi ya karne moja tangu reli ya kusini kuwasili.