Shahidi na Ufunguo Wake: Programu Huria katika Kulinda Nyaraka za Haki

Neno shahidi si geni kwenu. Shahidi ni mtu aliyeona au kusikia jambo, naye yu tayari kulisema mbele ya wengine. Kutokana na neno hilo tunapata ushahidi, yaani maneno au vitu vinavyothibitisha jambo. Leo tutazame jinsi maneno haya yalivyoingia katika historia ya kompyuta, na kwa nini historia hiyo inamhusu kila raia.

Nchi ya Guatemala, iliyoko Amerika ya Kati, ilikumbwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1960 hadi 1996. Tume iliyochunguza vita hivyo ilikadiria, katika ripoti yake ya mwaka 1999, kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kutoweka. Tume ilipoomba nyaraka za polisi, iliambiwa kwamba hazipo. Hata hivyo, mnamo Julai 2005, maofisa wa haki za binadamu waliokwenda kukagua ghala la vilipuzi katika mji mkuu walikuta majengo yaliyosheheni makaratasi ya Polisi ya Taifa. Zilikuwa kurasa zipatazo milioni 80, nyingi zikiwa zimelowa na kuliwa na wadudu na panya.

Kuokoa karatasi ilikuwa kazi ya kwanza. Kazi ya pili ilikuwa kulinda taarifa zilizochambuliwa humo, kwa maana waliotajwa katika nyaraka hizo wengine walikuwa hai na wenye nguvu. Kompyuta huibwa, na nyumba huchomwa moto. Kwa hiyo watafiti walitumia programu iitwayo Martus, iliyotolewa mwaka 2003 na Benetech, shirika la Marekani lisilo la kibiashara. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni shahidi.

Martus ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, iligeuza kila taarifa kuwa maandishi ya fumbo kabla haijatoka katika kompyuta ya mwandishi. Pili, ilipeleka nakala za taarifa hiyo kwenye seva zilizo mbali, hata nje ya nchi. Mwenye seva alitunza asichoweza kukisoma. Ufunguo ulibaki kwa mwandishi na wale aliowaruhusu.

Programu hiyo ilikuwa huria, maana yake kila mtu aliruhusiwa kusoma msimbo wake, kuutumia na kuurekebisha. Wazo hili lilipata msukumo mkubwa mwaka 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991, Phil Zimmermann alitoa bila malipo PGP, programu ya kuficha maana ya barua zinazotumwa kwa kompyuta. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa muda mrefu, kwa kuwa sheria za wakati huo ziliihesabu teknolojia hiyo pamoja na silaha zisizouzwa nje bila kibali. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996, naye hakushtakiwa.

Huenda mkauliza: ikiwa msimbo uko wazi kwa wote, je, siri nazo si zitasomwa na wote? La. Fikirieni kufuli. Mafundi wote wanajua jinsi kufuli linavyoundwa, lakini ujuzi huo hauwafungulii mlango wa jirani. Tena, mafundi wengi wakilikagua, kasoro yake huonekana mapema. Kilicho huria ni programu. Nyaraka ni amana ya mwenyewe.

Mwaka 2010 mahakama ya Guatemala iliwahukumu polisi wawili wa zamani kifungo cha miaka 40 kila mmoja, kwa kosa la kumtowesha Edgar Fernando García, mwanafunzi na kiongozi wa wafanyakazi, aliyekamatwa mwaka 1984. Nyaraka za hifadhi ile zilikuwa sehemu ya ushahidi. Familia yake ilikuwa imengoja miaka 26.

Karibu nasi, nchini Kenya, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizaa programu nyingine huria, iliyopewa jina la Kiswahili: Ushahidi. Ilianza Januari 2008, ikikusanya taarifa za wananchi, zikiwemo zilizotumwa kwa simu za mkononi, na kuziweka kwenye ramani ili dunia izione. Ushahidi ilitangaza, Martus ilisitiri. Jamii huhitaji yote mawili: habari ya mauaji isifichwe, na jina la aliyeitoa lisianikwe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba programu hujitunza yenyewe. Mwaka 2018 Benetech ilihitimisha kazi ya Martus, na waliokuwa wakiitumia walipaswa kuhamishia nyaraka zao kwingine. Uhuria wa msimbo hauondoi gharama wala bidii ya watu. Vilevile, ufunguo ukipotea, hata mwenye haki hufungiwa nje.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Eleza tofauti kati ya programu huria na taarifa ya siri, ukitoa mfano wako mwenyewe.
2. Kati ya kutangaza na kusitiri ushahidi, lipi litangulie pale maisha ya shahidi yanapokuwa hatarini? Toa sababu.
3. Tunga sentensi ukitumia kila moja ya maneno haya: shahidi, ushahidi, shuhudia, amana.