Nusura niandike "Mpemba wetu alikosea"

Wadau, nusura niumbuke. Juzi nilikutana na utafiti wa Burridge na Linden, uliotoka mwaka 2016 katika jarida la Scientific Reports. Muhtasari wake unasema hakuna ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Sikusoma zaidi. Nikaandika kichwa cha habari: "Mpemba wetu alikosea". Kabla sijampelekea mhariri, roho ikanisuta, nikarudi mwanzo wa kisa.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliogopa kukosa nafasi kwenye friza. Akaweka maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka.

Osborne hakucheka. Alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akaona ya moto yametangulia kuganda, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu "sahihi"! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao, "Cool?", katika jarida la Physics Education.

Sasa angalieni kilichopimwa. Osborne alipima muda mpaka maji yaanze kuganda. Burridge na Linden walipima muda mpaka maji yafike nyuzi 0. Maji yanaweza kushuka chini ya 0 bila kuganda, kwa hiyo hayo ni maswali mawili. Wao pia walionyesha kuwa ukipandisha au kushusha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo, majibu yanaweza kubadilika. Hiyo ni hoja nzito, na mjadala haujaisha. Lakini si sawa na kusema kijana alidanganya.

Siku hizi muhtasari nausoma, ila siuamini peke yake. Naruka hadi sehemu ya mbinu: wamepima nini, kwa chombo gani, mara ngapi? Ndipo narudi kwenye hitimisho kuona kama linalingana na kilichopimwa.

Kile kichwa cha habari nimekifuta. Mpemba alishachekwa mara moja bila mtu kupima. Mara ya pili isiwe kwa kalamu yangu.

Naomba kuwasilisha.