Riziki ya Mwanafunzi wa Nyunzu

Reli itokayo Kabalo, iliyowasili Ziwa Tanganyika mwaka 1915 baada ya kupitia mji wa Nyunzu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilileta wageni na bidhaa, lakini mwanafunzi wa sekondari aliendelea kujichukulia riziki yake mwenyewe, akifunga mkobani muhogo wa kuchemsha au bukari (ugali) iliyolala, na bahati ikiwapo, sombe (kisamvu) kidogo. Vita kati ya Watwa na Waluba, jamii mbili za eneo hilo, vilivyozuka mwaka 2013, viliteketeza shule na vijiji, hata mkoba wenyewe ukawa mtupu. Sufuria za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani jimboni Tanganyika zilielekezwa si kwake bali kwa shule za msingi, ambazo serikali ilizifutia karo mwaka 2019. Nami, kwa yakini, sioni insafu yoyote kijana wa miaka 15 kusikia harufu ya chakula cha mdogo wake, kisha akakabili hesabu kwa njaa hadi adhuhuri.