Kobe Asiyekimbia

Wangapi mna picha na kobe mkubwa? Wale wa Haller Park pale Bamburi, ama wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Unashuka mashuani, unamkuta amelala kivulini, unamkuna, naye ananyoosha shingo kama anakwambia endelea. Hakimbii. Sote twasema, "Ona alivyo mpole!"

Mimi chuo niliacha, lakini historia sijaiacha. Leo wacha niwaharibie hiyo picha kidogo.

Kobe hawa asili yao si kwetu. Wametoka Aldabra, visiwa vya Shelisheli vilivyo chini ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa. Zamani Mauritius, Réunion na Rodrigues pia zilikuwa na kobe wao wakubwa. Huko hakukuwa na simba, chui wala watu, kwa hivyo kobe hakuwa na sababu ya kuogopa kitu. Kisha zikaja meli za Wazungu.

Hebu jifanye baharia wa miaka ya 1700. Friji hakuna. Nyama ya chumvi imekuchosha. Unashuka kisiwani, unakuta mnyama wa kilo mia na zaidi, hakimbii, haumi. Ukimtia melini anakaa miezi bila chakula wala maji na bado yuko hai. Bana, hiyo ni stoo ya nyama inayotembea! Rodrigues pekee walibebwa maelfu kwa maelfu. Kufikia katikati ya miaka ya 1800, kobe wa visiwa vyote vitatu walikuwa wameisha. Sisemi wamepungua. Wameisha.

Aldabra ilipona kwa sababu ni mbali, maji matamu ni shida, na watu hawakuhamia kwa wingi. Hata hivyo ilibidi mwaka 1874 wanasayansi, Charles Darwin akiwemo, wamwandikie gavana wa Mauritius kumuomba awalinde. Leo wako zaidi ya 100,000 huko.

Sasa msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mwaka 1919 Zanzibar ilizawadiwa kobe wanne kutoka Shelisheli, wakawekwa Changuu. Kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kufikia 1996 wamebaki saba. Hapo baharia mwenye njaa hayupo. Watu walikuwa wakiwaiba kwenda kuuza. Mpaka ikabidi wajengewe uzio.

Na hapa Mombasa tuna yule Mzee. Tsunami ya Desemba 2004 ilipomwacha mtoto wa kiboko peke yake kule Malindi, aliletwa Haller Park, akapewa jina Owen, akaenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe wa miaka kama 130. Mzee mwanzo alimkwepa, halafu akamzoea, wakala na kulala pamoja. Dunia nzima ikatokwa na machozi. Lakini wachache waliuliza jamaa zake Mzee waliishia wapi. Waliishia kwenye sufuria, kwa sababu ya upole ule ule.

Kwa hivyo ukienda, mkune shingo, mpe jani, lakini usimpande mgongoni. Na mtu akikuletea kitoto cha kobe kwenye boksi, ati bei poa, muulize amekitoa wapi. Halafu usinunue, hata akikujibu vizuri.