Marsabit: Nchi na Utawala

Kaunti ya Marsabit, inayopakana na Ethiopia upande wa kaskazini na Ziwa Turkana upande wa magharibi, ina eneo la takriban kilomita za mraba 70,000, lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu wasiofika 460,000, yaani wastani wa watu sita au saba kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo huficha mengi, kwani Mlima Marsabit, volkano iliyozimika ambayo msitu wake hunasa ukungu na kuugeuza kuwa maji, una makazi ya kudumu na mashamba, ilhali Chalbi, jangwa la chumvi lililo magharibi yake, hupitiwa zaidi na wafugaji wa ngamia, wakiwemo Wagabra.

Serikali ya kikoloni iliiweka Marsabit katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako sheria ya mwaka 1902 ya maeneo ya pembezoni ilidhibiti uingiaji wa wageni. Baada ya uhuru ilitiwa katika Mkoa wa Mashariki, uliotawaliwa kutoka Embu, mbali mno na wafugaji hao, hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.