Dereva Aliyelewa, Bima na Haki ya Majeruhi

Kisesa iko wilaya ya Magu, mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Hapo malori, mabasi, bodaboda na waendao kwa miguu hugawana njia moja. Tuchukue mfano: mwenye gari amemgonga mtu wa bodaboda usiku, polisi wakampima, akashitakiwa kuendesha akiwa amelewa. Kulipokucha anajiuliza: nikiiarifu kampuni ya bima, nitaje ajali peke yake au na shitaka pia? Je, Uislamu haukumhimiza mja kusitiri dhambi yake?

Sura ya swali hili ni mpya, lakini mizizi yake ni ya kale.

Aqila katika zama za mwanzo

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke wa kabila la Hudhayl alimpiga mwenzake kwa jiwe, akafa pamoja na kilichokuwa tumboni mwake. Mtume (s.a.w.) alihukumu diya ya marehemu ibebwe na aqila, yaani jamaa wa upande wa baba wa aliyeua. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (13–23 H) yalianzishwa madiwani ya askari, na kutokana nayo wanachuoni wa Kihanafi wakasema walioandikwa katika diwani moja ni aqila wao kwa wao. Makusudio yalikuwa damu ya mtu isipotee bure kwa sababu tu aliyekosea hana mali.

Hata hivyo mafakihi waliweka mipaka. Aqila haibebi mauaji ya kusudi, wala haifungwi na kukiri kwa mhusika peke yake, isije ikawa amekula njama na mdai.

Bima ilipoingia

Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 H (1836), alizungumzia malipo ambayo wafanyabiashara walikuwa wakitoa kudhamini bidhaa za melini, yakiitwa sukra. Aliona si halali kuchukua fidia hiyo kwa mkataba uliofungwa katika nchi ya Kiislamu. Desemba 1985 Baraza la Fiqhi la Jeddah liliharamisha bima ya biashara na kuruhusu ile ya ushirikiano.

Huku kwetu bima ya gari ililetwa na sheria. Uingereza ilimlazimisha mwenye gari kumkatia bima mtu wa tatu kwa sheria ya mwaka 1930, na mfumo huo ukafika Tanganyika. Leo umo katika Sura ya 169 ya sheria za Tanzania. Basi hata anayeona bima ya biashara ni haramu hukata bima ndogo kwa kulazimika. Lakini kulazimika kuikata hakumhalalishii kusema uongo ndani yake.

Sitara ina mpaka

Ni kweli Maiz alipokuja kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso mara kwa mara. Hiyo ilikuwa haki ya Mwenyezi Mungu, na mlango wa toba ulikuwa wazi. Kunywa pombe nako, kwa upande huo, ni baina ya mja na Mola wake. Ama mguu uliovunjika na pikipiki iliyoharibika ni haki za waja, na ulevi haumwondolei mtu dhamana ya alichokiharibu. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu.

Isitoshe, mikataba mingi hunyima matengenezo ya gari la aliyeendesha akiwa amelewa. Anayeficha shitaka ili atengenezewe gari lake anakula mali ya watu kwa batili. Ama majeruhi, sheria inamlinda: akipata hukumu ya mahakama dhidi ya dereva, kampuni humlipa, nayo yaweza kumdai mteja wake baadaye. Lakini sharti kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi. Kwa hiyo anayenyamaza anaihatarisha haki ya aliyemgonga.

La kufanya

Imamu akiulizwa na mtu wa namna hii, amwambie: arifu mapema, taja mahali, saa na waliokuwapo, na sema kwamba umeshitakiwa. Usizidishe, kwani kushitakiwa si kutiwa hatiani. Usipunguze, kwani huko ni khiyana. Usimwahidi mdai malipo kwa niaba ya kampuni. Mafakihi walikwisha kusema kukiri kwa mmoja hakuwafungi wengine. Kisha amkumbushe kwenda kumjulia hali majeruhi, na kutubia.

Wallahu aalam.