Praiveti Chitete na Brigedi ya Mataifa Matatu

Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, ikapata brigedi yenye ruhusa ya kuwaandama waasi wa mashariki ya Kongo badala ya kungoja kushambuliwa. Brigedi hiyo ya Kujibu Mashambulizi, iliyopangiwa askari 3,069, ilichangiwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba ya mwaka huohuo, ikisaidiana na jeshi la Kongo, ililishinda kundi la M23, na wengi wanapoisimulia huishia hapo. Lakini ushindi ni kipimo kisichotosha. Jeshi linaloundwa na mataifa matatu hujulikana undani wake pale linapozidiwa, na brigedi hii ilijulikana Beni, Novemba 2018. Sisi wa Pemba, ambao vijana wetu wamo katika jeshi la Tanzania, JWTZ, hatuna haki ya kuliacha hilo lipite.

Kabla ya hapo waasi wa ADF, kundi jingine la mashariki ya Kongo, walikuwa wameshaonesha ukali wao. Tarehe 7 Desemba 2017 waliivamia kambi ya Semuliki wakaua askari wa Tanzania wasiopungua kumi na wanne, miongoni mwao vijana wa Visiwani. Mwaka uliofuata Ebola ilizuka Kivu Kaskazini, na mashambulizi ya ADF yakawazuia wahudumu wa afya kuwafikia wagonjwa. Tarehe 14 Novemba 2018 brigedi iliingia kwenye ngome ya waasi karibu na Beni. Watanzania walipomiminiwa risasi na kulazimika kurudi nyuma, Wamalawi walibaki kuwakinga. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya asiweze kuondoka. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi akamburura hadi penye usalama zaidi na kumpa huduma ya kwanza. Katika kufanya hivyo akapigwa risasi yeye mwenyewe. Koplo alipona, Praiveti akafa. Walinda amani wasiopungua saba walipoteza maisha katika operesheni hiyo, wengi wao Wamalawi. Tarehe 24 Mei 2019, mjini New York, familia ya Chitete ilikabidhiwa nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa. Kabla ya hapo nishani hiyo ilikuwa imetolewa mara moja tu, kwa familia ya Diagne mwenyewe.

Wapo watakaosema Chitete alikuwa kazini na kazi ina mshahara. Amri ya kuwakinga wanaorudi nyuma ilikuwa kazi, ni kweli. Lakini kuiacha kinga yako ili umfuate majeruhi wa jeshi jingine ni uamuzi ambao mshahara hauununui. Hoja nzito zaidi ni kwamba damu hiyo haikuleta amani. ADF wameendelea kuua raia, na M23 iliyoshindwa mwaka 2013 iliibuka tena hata ikauteka mji wa Goma Januari 2025. Hilo halikanushiki, na atakayeiandika brigedi kama hadithi ya ushindi mtupu atawadanganya wanafunzi. Ila makosa ya siasa ya eneo zima hayawezi kuwa deni la askari mmoja. Operesheni ile iliwang'oa waasi katika ngome yao na kuwapa nafasi wahudumu wa Ebola kurejea kazini, na mtu mmoja alirudi kwao akiwa hai.

Wengine watauliza kwa nini tumkumbuke Mmalawi ilhali tuna marehemu wetu. Kumkumbuka hakuwapunguzii wetu kitu. Walikufa katika vita ileile, na yeye alikufa kwa ajili ya mwenzao. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, dua zetu husomwa kwa waliovaa sare ya Tanzania. Siku ya Walinda Amani, 29 Mei, inatufaa kwa kumtaja Chitete kwa jina lake katika skuli za Wete, Chake Chake na Mkoani, pamoja na Watanzania wa Semuliki, ili kijana anayetaka kujiunga na jeshi ajue kwamba mpaka wa nchi si mpaka wa wajibu wake kwa mwenzake.